LUGHA ZA WENYEWE: JE, MWANAFUNZI WA CHUO ALAZIMISHWE KUZISOMA?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetujaalia kuufikia tena mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyeshika mwendo wao.

Ama baad. Kuna mjadala ambao katika vyuo vyetu hauishi. Mmoja atasema: "Mtu anasomea uhandisi au uhasibu, kwa nini alazimishwe kusoma Kifaransa, Kiarabu au Kichina? Karo yenyewe ni taabu!" Mwengine atamjibu: "Msomi asiyejua ila lugha moja ya kigeni, tena ile aliyoachiwa na mkoloni, huyo ni msomi nusu." Hapo kelele huanza, kila mmoja akavutia kwake.

Kwengine duniani viko vyuo ambavyo mwanafunzi hapati shahada mpaka apite somo la lugha ya kigeni. Kwetu Kenya, mwanafunzi wa sekondari huweza kuchagua Kiarabu, Kifaransa au Kijerumani iwapo skuli yake ina mwalimu. Akifika chuo kikuu, mara nyingi huweza kumaliza miaka yake yote bila kugusa lugha nyengine ya kigeni zaidi ya Kiingereza.

Je, alazimishwe? Hebu tusijibu kwa hamaki. Tulipime swali hili kwa historia, kwa sababu si swali jipya. Liliulizwa Madina, likaulizwa Baghdad, likaulizwa Ulaya, na likaulizwa hapa hapa Mombasa. Na kila lilipoulizwa, waliolijibu vibaya walilipa.

KIJANA WA MADINA

Tuanzie pale panapotupasa kuanzia. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, palikuwa na kijana wa ukoo wa Banu Najjar aitwaye Zayd bin Thabit, mwenye umri wa miaka kama 11. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi. Katika riwaya waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Zayd mwenyewe asimulia kwamba Mtume alimuamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa sababu barua zilikuwa zikija na kwenda na Mtume hakutaka siri za dola ziwe mikononi mwa wakalimani asiokuwa na uhakika nao. Zayd akaingia kazini. Hata nusu ya mwezi haikupita, akawa ameyajua. Baada ya hapo akawa ndiye mwandishi wa barua hizo na ndiye msomaji wa majibu yake. Riwaya nyengine yataja lugha ya Kisuryani.

Sasa zingatia mambo matatu hapa, ndugu yangu. La kwanza, hii ilikuwa ni amri. Zayd hakuulizwa kama anapenda. La pili, hawakuamrishwa watu wote wa Madina. Alichaguliwa mmoja mwenye uwezo. La tatu, kulikuwa na haja iliyo wazi, na siku alipomaliza kujifunza alikuwa na kazi ya kuifanya kwa elimu ile. Shika mambo haya matatu: amri, uwezo na haja. Tutayarejelea.

Na yule kijana aliishia wapi? Ndiye aliyepewa na Abubakar (R.A.) kazi ya kuikusanya Qur'ani baada ya vita vya Yamama, na ndiye aliyekuwa katika jopo la Uthman (R.A.) lililoandika misahafu iliyopelekwa miji mbali mbali. Kujua lugha ya wengine hakukumpunguzia dini yake hata chembe.

TAHADHARI KIDOGO

Hapa pana jambo nataka nilitaje, maana wengi wetu tumelisikia kwenye mawaidha. Kuna maneno mashuhuri yasemayo kwamba mwenye kujifunza lugha ya watu huwa amesalimika na vitimbi vyao. Husomwa juu ya mimbari kama kwamba ni hadithi. Wanavyuoni wa hadithi hawakuyapata na sanad hata moja ya kutegemewa hadi kwa Mtume (S.A.W.). Maana yake yaweza kuwa nzuri, lakini uzuri wa maana haulifanyi neno kuwa hadithi. Vile vile yale ya kutafuta elimu hata kama ni Uchina, wanavyuoni wameyatia dosari kubwa.

Hatuna haja ya kumzulia Mtume maneno ili tutetee kusoma lugha. Kisa cha Zayd chatosha. Na juu yake kuna Surat Ar-Rum, aya ya 22, ambapo Mwenyezi Mungu ametaja kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara Zake. Hebu fikiri: lugha ya Mpokomo, ya Mchina, ya Mwarabu na ya Mmeru zimehesabiwa pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Mtu aweza vipi kuidharau ishara?

IMAM SHAFI NA LAZIMA YA KWANZA

Sisi watu wa Pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Imam Shafi (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyefariki Misri mwaka 820. Katika kitabu chake Ar-Risala, ambacho wanavyuoni wakihesabu kuwa ni msingi wa fani ya usul al-fiqh, aliligusa swali letu hili moja kwa moja. Alisema kwamba ni juu ya kila Muislamu kujifunza Kiarabu kiasi cha uwezo wake: cha kumuwezesha kushuhudia, kusoma Kitabu cha Mwenyezi Mungu, na kutamka dhikri alizofaradhishiwa. Na kila anachoongeza juu ya hapo ni kheri yake.

Ukitazama vizuri, hiyo ni lazima ya lugha ya kigeni! Maana kwa Mfursi, Mturuki, Mberiberi na Mswahili, Kiarabu kilikuwa cha kigeni. Na wala jambo hili halikupita bila mjadala. Imam Abu Hanifa, aliyetangulia na ambaye ukoo wake ulikuwa wa Kifursi, amenukuliwa kuruhusu mtu asome katika swala kwa Kifursi, na kuna riwaya kwamba aliirejea kauli hiyo. Kwa hivyo wakubwa zetu nao walijiuliza: tumlazimishe mgeni kiasi gani, na tumrahisishie kiasi gani?

Tunda la lazima ile lilikuwa nini? Kitabu kikubwa cha mwanzo cha nahau ya Kiarabu kiliandikwa na Sibawayhi, Mfursi. Kitabu kinachosifika zaidi kwa usahihi wa hadithi kimekusanywa na mtu wa Bukhara, mji ulioko Uzbekistan ya leo. Wageni waliolazimika kuisoma lugha ndio waliokuja kuwasomesha wenyewe. Inasimuliwa kwamba Sibawayhi alikosea neno mbele ya mwalimu wake wa hadithi, akaona haya, akaapa kuisoma nahau mpaka asipatikane wa kumkosoa. Wewe ukikosea neno darasani, wenzako wakacheka, wakimbia somo. Yeye alikimbilia somo.

BAGHDAD NA GHAZNA

Twende mbele kidogo. Baghdad ya Bani Abbas, hasa zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), ilikuwa na njaa ya vitabu vya Wagiriki: tiba, hesabu, falaki, mantiki. Lakini wangapi walikijua Kigiriki? Wachache mno. Miongoni mwao alikuwa Hunayn bin Is-haq, Mkristo wa mji wa Hira. Alipokuwa kijana alisomea tiba kwa tabibu mkubwa wa Baghdad, na alikuwa na maswali mengi. Mwalimu akachoka naye, akamfukuza, akamwambia watu wa Hira kazi yao ni kubadilisha pesa sokoni, tiba hawaiwezi. Hunayn akatoweka. Aliporudi baada ya miaka, alikuwa akikisema Kigiriki kama maji. Akawa mkuu wa wafasiri, na katika risala yake aliviorodhesha vitabu zaidi ya 100 vya tabibu Galen pamoja na tafsiri zake kwa Kisuryani na Kiarabu, nyingi kazi ya mikono yake na wanafunzi wake.

Wa pili ni al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm. Aliandamana na dola ya Mahmud wa Ghazna, sultani aliyekuwa akiivamia India kwa majeshi. Majeshi yalirudi na ngawira. Al-Biruni, naye mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, alirudi na Kisanskriti. Mwenyewe alilalamika kwamba lugha ile ni ngumu, kitu kimoja kina majina mengi, na baadhi ya sauti zake ulimi wake haukuzikubali. Lakini hakuacha. Karibu mwaka 1030 alimaliza kitabu chake juu ya India, na hadi leo wanahistoria wa India hawakiachi. Zile ngawira ziko wapi leo?

Angalia, hawa wawili hawakulazimishwa na chuo chochote. Hunayn alisukumwa na kuvunjiwa heshima, al-Biruni na kiu ya kujua. Kwa hivyo yuko atakayesema: "Si waona? Apendaye atasoma mwenyewe, lazima ya nini?" Ngoja kwanza.

AMRI ILIYOBAKI KWENYE KARATASI

Wakati huo Ulaya nayo ilikuwa ikitutazama. Gerard wa Cremona, Mtaliano, alikwenda Toledo, Andalus iliyokwisha tekwa, akitafuta kitabu cha falaki cha Ptolemy ambacho hakukipata kwa Kilatini. Akajifunza Kiarabu, akabaki huko mpaka kufa kwake mwaka 1187, na akatafsiri vitabu zaidi ya 70, ukiwemo ule Qanun wa Ibn Sina ambao vyuo vya tiba vya Ulaya viliusoma kwa karne kadhaa.

Kisha ikaja lazima. Mwaka 1312, mkutano mkuu wa kanisa uliofanyika Vienne, Ufaransa, ulitoa amri kwamba Kiarabu, Kiebrania na lugha ya Wakaldayo zisomeshwe katika vyuo vya Paris, Oxford, Bologna na Salamanca, na pia penye makao ya Papa. Aliyeisukuma sana fikra hii ni Ramon Llull wa kisiwa cha Majorca, aliyejifunza Kiarabu kwa miaka tisa kutoka kwa mtumwa Muislamu aliyemnunua. Nia yake haikuwa siri: alitaka Waislamu wahubiriwe kwa lugha yao mpaka waache dini yao.

Amri ikatoka, ikapigwa muhuri. Je, Kiarabu kilisomeshwa? Kwa sehemu kubwa, hapana. Walimu hawakuwepo, vitabu havikuwepo, na wanafunzi hawakuona watakitumia wapi. Ilichukua zaidi ya miaka 300 mpaka Cambridge ikapata kiti cha kudumu cha Kiarabu mwaka 1632, na Oxford mwaka 1636. Na profesa wa kwanza wa Oxford, Edward Pococke, hakukipata Kiarabu chake kwa amri ya 1312. Alikipata Halab, Syria, alikoishi miaka kadhaa akisoma kwa wenyeji.

Hivi ndivyo vyuo vile vile vilivyokuja kumlazimisha kila mwanafunzi Kigiriki na Kilatini. Cambridge iliondoa lazima ya Kigiriki mwaka 1919, Oxford ikafuata 1920. Lazima ya Kilatini nayo ilidumu hadi 1960. Vizazi vya wanafunzi vilikariri ili kupita mlangoni tu, kisha vikasahau.

Kwa hivyo tumepata funzo: lazima bila mwalimu ni wino, na lazima bila haja ni mzigo.

PWANI YETU

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo panapouma.

Wazee wetu hawakuwa watu wasiojua kusoma. Kiswahili kiliandikwa kwa harufi za Kiarabu karne nyingi. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwaka 1844 akaja Mombasa mmisionari Mjerumani, Ludwig Krapf. Cha kwanza alichokifanya ni kujifunza lugha yetu. Mwaka 1850 alichapisha nahau ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ikatoka 1882 baada ya kufa kwake. Askofu Edward Steere wa Unguja alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Wao walijifunza yetu. Je, sisi tulijifunza yao?

Wengi walikataa. Na tusiwalaumu kwa pupa. Skuli nyingi zilizofundisha Kiingereza zilikuwa za misheni, na mtoto akipelekwa kusoma harufi alikuwa akisomeshwa na Biblia. Mzazi Muislamu aliogopa mwanawe asirudi na jina jengine. Hofu ile ilikuwa na msingi.

Lakini dunia haikungoja. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa Sheria ya Hati za Ardhi kwa Pwani. Wenye mashamba walitakiwa waje wadai haki yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Sheria ile iliandikwa kwa Kiingereza. Si lugha peke yake iliyowapotezea watu ardhi, yalikuwepo mengi. Lakini mtu akiletewa sheria asiyoweza kuisoma, amekwisha shindwa nusu ya kesi kabla ya kufika kortini. Kisha, mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, lugha ikawa ni ya skuli kwa harufi za Kilatini. Mzee aliyeandika barua zake zote kwa harufi za Kiarabu akajikuta, siku moja, anahesabiwa kuwa hajui kusoma.

Na la uchungu zaidi ni hili. Tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili kuchapishwa ilitoka mwaka 1923. Wajua ni ya nani? Si ya sheikh wa Lamu wala wa Unguja. Ni ya Godfrey Dale, kasisi wa misheni, aliyekuwa amekisoma Kiswahili na kukisoma Kiarabu, akaitia maelezo ya kuupinga Uislamu. Ile fikra ya Llull, iliyoshindikana Paris na Oxford, ilifika Unguja miaka 600 baadaye. Waislamu wa Afrika Mashariki, wenye Qur'ani vifuani mwao, walitafsiriwa Kitabu chao na mtu mwengine.

Hapo ndipo aliposimama Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947). Alianza na gazeti Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliwahimiza Waislamu wasome elimu za kisasa na lugha ya watawala bila kuacha Kiarabu na dini yao, na makala zake ndizo zilizokusanywa katika kitabu Uwongozi. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937. Alianza pia kuandika tafsiri ya Qur'ani, lakini akafariki kabla ya kuimaliza. Aliyekuja kuikamilisha kazi ya aina hiyo ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake Qurani Takatifu ilitoka mwaka 1969 na iko majumbani mwetu hadi leo.

Na mtoto wa Sheikh al-Amin ni Profesa Ali Mazrui (1933–2014), aliyezaliwa Mombasa, akasoma Manchester, Columbia na Oxford, na akaueleza ulimwengu habari za Afrika na Uislamu kwa Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe walikistaajabia. Baba aliwasemesha Waislamu kwa lugha yao. Mwana akawasemesha wasiokuwa Waislamu kwa lugha yao. Hiyo ndiyo maana ya lugha.

LAZIMA INAYOFAULU NA MAPENZI YASIYOTOSHA

Je, iko lazima iliyofaulu? Iko, na ni ya hapa kwetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kiliwekwa kuwa somo la lazima na la mtihani. Kwa mtoto wa Mombasa hicho ni cha nyumbani. Lakini kwa mtoto wa kijijini Turkana au Kisii kilikuwa lugha ya kujifunza kama nyengine. Wengi walinung'unika. Lakini walimu walifunzwa, vitabu vikaandikwa, na mtoto akitoka darasani alikisikia sokoni, redioni na kwenye matatu. Leo baadhi ya waandishi na walimu bora wa Kiswahili nchini ni watu wa bara. Amri ilikutana na mwalimu, ikakutana na haja.

Na yako mapenzi bila chuo. Nenda Malindi au Watamu. Wataliano walianza kuja kwa wingi tangu miaka ya 1960, zama za mradi wa San Marco wa kurusha setilaiti. Leo utamkuta kijana muuza vinyago, hata darasa la nane hakumaliza, amwaga Kitaliano kama amezaliwa Roma. Njaa ilimfundisha. Tumpe heko. Lakini muulize aandike barua kwa Kitaliano, au asome mkataba wa kazi, au amtetee mwenzake mbele ya hakimu. Lugha ya sokoni humfikisha mtu sokoni. Kupita hapo, yataka darasa.

Hivyo nawajibu wale wasemao kwamba apendaye atasoma mwenyewe: Hunayn na al-Biruni ni wawili katika maelfu. Umma hauwezi kukaa ukingojea mtu kama Biruni azaliwe. Hata Marekani, taifa kubwa, lilipoona Warusi wamerusha Sputnik mwaka 1957, lilipitisha sheria mwaka 1958 ya kugharamia lugha za kigeni vyuoni, na Kiswahili ni mojawapo kati ya lugha zilizofaidika. Baada ya mwaka 2001, wanafunzi wa Kiarabu katika vyuo vyake waliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya 2002 na 2006. Walisoma kwa sababu waliona haja. Na haja ikisahauliwa, masomo nayo hufungwa: mwaka 2023 Chuo Kikuu cha West Virginia kiliondoa shahada zake za lugha za kigeni.

HOJA ZA WANAOPINGA

Lazima tuwe waadilifu. Wanaopinga wana hoja. Karo ni ghali na muda ni mchache. Mwanafunzi wa uuguzi au uhandisi tayari amebeba mzigo. Tena tumeshaona lugha zikisomwa kwa ajili ya mtihani tu, mtu ana gredi nzuri ya Kifaransa na hawezi kuomba maji ya kunywa. Na wengine wauliza: mbona tukimbilie za mbali, na Kigiryama, Kisomali na Kidigo tunaziacha zife midomoni mwa watoto wetu?

Hoja hizi zapinga lazima mbovu. Hazipingi lazima. Ikiwa chuo kitatia somo la lugha lisilo na mwalimu, watu 300 katika ukumbi mmoja, mtihani wa kuchagua jibu, basi hiyo ni amri ya 1312, na bora isiwepo. Na hoja ya lugha zetu ni ya haki kabisa: daktari atakayetumwa Garissa huenda Kisomali kikamfaa kuliko Kijerumani. Basi na kihesabiwe.

FARDHI MBILI

Madrasa imetufundisha fardhi ni mbili: fardhi ain, ya kila mtu, na fardhi kifaya, ambayo wakiifanya baadhi imewatosheleza wote, na wasipoifanya wote wana dhima. Mimi naona jibu letu liko hapo.

Chuo na kimlazimishe kila mwanafunzi lugha moja zaidi ya Kiingereza na ile ya mamake. Lakini yeye achague ipi, kwa haja ya kazi yake, na mtihani uwe wa kusema na kuandika. Pasipokuwa na mwalimu, pasiwe na lazima. Hiyo ni haki ya nchi. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina Kongo ndani yake tangu 2022, na wakuu wake waliafiki mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwenye lugha tatu hizo ana soko kutoka Mombasa hadi bahari ya Atlantiki.

Ama sisi vijana wa Kiislamu, juu ya hiyo tuna fardhi yetu wenyewe. Sasa hivi ni Ramadhan. Kila usiku twasimama tarawehe, imam asoma, safu zimejaa hadi barazani. Aya za pepo zapita, aya za adhabu zapita, nyuso zetu hazibadiliki. Wengi wetu tumehitimu madrasa, tajwidi twaijua, makhraj yetu safi, na maana hatuna. Ni wangapi kati yetu wenye shahada mbili za chuo kikuu na hawawezi kuifasiri Surat Al-Asr, yenye aya tatu? Tumeweza kusoma Kiingereza miaka 16 ili tupate kazi. Kiarabu tumekipa Jumamosi na Jumapili za utotoni, kisha tukakiaga.

Kisa cha 1923 kisije kikatusibu tena kwa sura nyengine. Asiyekijua Kitabu chake kwa lugha yake atafasiriwa na yeyote mwenye kusema kwa sauti kubwa, awe ni adui wa dini au ni mwenye kuitumia dini kuwapeleka vijana katika maangamizi. Sote tumeona katika nchi yetu vijana waliotiwa maneno ya aya nusu nusu, na hawakuwa na elimu ya kuuliza: "Na nusu ya pili yasemaje?"

Wazazi mlioko nyumbani, nanyi mna fungu lenu. Msimuulize mtoto amefika juzuu ya ngapi tu. Muulizeni amefahamu nini. Walimu wetu wa madrasa, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, tuongezeeni saa moja ya lugha kwa kila saa ya kusoma. Nanyi kina dada na kaka wa vyuoni, vyama vyetu vya wanafunzi Waislamu vina kumbi na vina watu waliosoma Kiarabu. Madarasa ya jioni hayahitaji bajeti ya serikali. Zayd bin Thabit alitumia siku zisizofika 15. Ramadhan ina siku 29 au 30. Hatutakuwa kama Zayd, lakini neno moja moja kwa siku, kutoka sura fupi tunazozisoma katika kila swala, mpaka Idi mtu atakuwa ameijua maana ya anayoyasema mbele ya Mola wake.

Tumuombe Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na visimamo vyetu, awarehemu masheikh wetu waliotutangulia, atuzidishie elimu yenye manufaa, na azifanye ndimi zetu, kwa lugha yoyote zitakayosema, ziwe za kusema haki. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.